Shajara ya mradi: riwaya ya kupotea porini kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 15

Hali ilivyo: rasimu ya pili inaendelea. Sura ya 1 hadi ya 11 zimekaguliwa, ya 12 hadi ya 16 zinasubiri hesabu ya maji, na mbili za mwisho bado ni muhtasari.

Msingi

Dada ana miaka 15, mdogo wake wa kiume ana 11. Majina hayajaamuliwa, kwa hiyo kwenye daftari la kazi wanaitwa Dada na Mdogo. Wamo kwenye msafara wa wanafunzi unaovuka mgongo wa mlima wenye msitu, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Nchi haitajwi. Ukungu unashuka, Mdogo anarudi nyuma kuokota kofia, Dada anamfuata, na msafara unasonga mbele kila mtu akidhani hao wawili wako mkiani. Wanapotea siku sita.

Ikweta imechaguliwa kwa sababu ya giza. Jua huko huzama karibu wima, na kutoka machweo hadi giza la kutoona njia ni kama dakika 20 hadi 25 tu. Mwandishi akihitaji jioni ndefu ya mazungumzo, haipati, na ufinyu huo unatusaidia: kazi yoyote isiyoanza saa 9 alasiri haimaliziki.

Kimo nacho kina kazi yake. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo bondeni kunaweza kuwa na joto la nyuzi 28 wakati mgongoni ni 12 au 13 mchana ule ule, kabla ya mvua na upepo. Wasomaji wengi wakisikia kupotea porini huwazia jua kali. Hapa adui wa kwanza ni baridi, na sura ya 2 inalisema hilo mapema ili lisionekane kama hila ya mwandishi.

Daftari la mwili

Uamuzi uliobeba mradi wote ni huu: hadithi inasukumwa na hesabu ya mwili. Chui humtisha msomaji kurasa mbili. Chupa iliyobaki robo humshika sura nzima.

Kila sura ina ukurasa wake kwenye daftari la kazi, wenye safu za saa, maji, joto, nguvu, ngozi na vitu. Sura ikimalizika bila safu hata moja kubadilika, kuna kitu hakijatokea, hata kama wahusika wamekimbia na kupiga kelele. Mfano halisi ni sura ya 5. Dada ana kilo 50, Mdogo kilo 32. Mwili ukipoteza maji ya asilimia 2 ya uzito wake, nguvu na umakini huanza kushuka. Kwa Dada hiyo ni lita 1, kwa Mdogo ni mililita 640. Mtu anayepanda mlima anaweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Mdogo basi anaweza kumaliza akiba yake asubuhi moja, kabla hata hajalalamika.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa ugomvi wao mkubwa. Mpangilio wa dalili kwenye sura: mkojo unakuwa wa rangi nzito, kichwa kinamgonga Mdogo, majibu yake yanakuwa ya neno moja, kisha anamrushia dada yake kofia ile ile iliyowapoteza. Hakuna anayesema "tumeishiwa maji mwilini." Sura ya 6 wanakunywa, na baada ya muda ugomvi unakosa pa kushikia. Msomaji makini ataunganisha mwenyewe, na asiyeunganisha bado ana ugomvi mzuri wa kusoma.

Mpangilio wa hatari

Wakufunzi wa uokoaji hutumia kanuni ya tatu: dakika 3 bila hewa, saa 3 bila kinga kwenye hali mbaya ya hewa, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula. Ni kipimo cha kukadiria, sio sheria ya maumbile, lakini kinapanga kitabu vizuri. Sura ya 2 hadi ya 4 ni za baridi, ya 5 hadi ya 10 ni za maji na moto, kisha ishara. Chakula kinakuja mwisho na kinachukua nafasi ndogo.

Hapa ndipo miswada mingi ya aina hii huharibika. Mhusika anapotea asubuhi, jioni anatega mtego, usiku anachoma sungura. Mtego wa kamba humhitaji mtu anayezijua njia za wanyama, mitego mingi kwa pamoja na siku za kusubiri. Nguvu zinazotumika kuitega mara nyingi hupita zile zinazorudi. Kwenye riwaya hii hakuna windo linalofaulu. Kuna biskuti tisa zilizomo kwenye kopo, na zinahesabiwa hadharani mpaka ya mwisho.

Kuhusu matunda ya mwituni, kanuni ni moja: wahusika hawali kitu wasichokijua. Kuna tukio ambapo Mdogo anaona ndege wakila matunda mekundu na anashawishika. Dada anakataa, kwa sababu ndege na nyani hula vitu ambavyo kwa mtu ni sumu. Tukio halina zawadi yoyote. Hatujui kamwe kama yale matunda yalifaa. Uyoga hautokei kabisa kwenye kitabu.

Vitu walivyonavyo

Orodha imefungwa, na hakuna kitakachoongezwa: chupa ya plastiki angavu ya lita 1 yenye maji robo tatu; jaketi moja la mvua, la Dada; kisu cha kukunja chenye makali ya sentimita 7; mfuko mmoja mkubwa wa taka; kiberiti; kopo la bati lenye biskuti; kamba za viatu vyao. Filimbi inabaki kwenye mkoba wa mwalimu, maana filimbi ingemaliza hadithi kwenye sura ya 3.

Kila kitu lazima kifanye kazi mbili tofauti, kimoja kipotee na kimoja kiharibike. Kiberiti kinalowa usiku wa kwanza. Kisu kinapotea siku ya nne, baada ya ulimbombo (kibao cha chini cha kupekechea moto) kuchongwa, na kupotea kwake kunaonekana waziwazi kwenye ukurasa: Dada anakiweka juu ya jiwe lenye ukungu wa kijani ili ashike kopo kwa mikono miwili.

Mfuko wa taka ulihitaji uangalifu kwenye sentensi zenyewe. Mdogo anauvaa kama koti. Mtoto anayesoma anaweza kuiga, kwa hiyo tundu la uso linakatwa kwanza, pembeni, sentimita chache chini ya kona, na Dada anapitisha ngumi yake humo kuhakikisha. Baada ya hapo ndipo mfuko unapita kichwani. Mhariri yeyote atakayefupisha aya hiyo asiguse mpangilio huo.

Sura ya 2 na 3: kuzunguka

Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio ya watu waliotakiwa kutembea moja kwa moja kwenye msitu mkubwa tambarare na kwenye jangwa la Sahara, kusini mwa Tunisia. Waliotembea msituni chini ya mawingu walizunguka na kukatiza njia yao wenyewe bila kujua. Walioliona jua walinyoosha vizuri kiasi. Kwa hiyo ukungu kwenye sura ya 2 sio pambo la mandhari. Ndio unaopinda njia. Tumelikataa lile jibu la kwamba mguu mmoja ni mrefu kuliko mwingine, kwa sababu mtu yule yule huweza kupinda kushoto kisha kulia.

Ushahidi wa kuzunguka unakuja kwa jicho la karibu: Mdogo anaona kwenye tope alama ya kisigino chenye mkato wa nusu mwezi, kisha anageuza kiatu chake kukiangalia.

Tatizo kubwa la kiufundi la aina hii ya riwaya liko hapa. Ushauri sahihi kwa mtoto aliyepotea ni kukaa alipo. Huko Marekani, baada ya mtoto wa miaka 9 kupotea na kufariki California mwaka 1981, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watoto kukumbatia mti na kusubiri hapo hapo. Ushauri huo huokoa maisha na huua hadithi, na waandishi wengi huutupa ili mhusika atembee. Sisi tumeushika. Dada anausema, na kuanzia sura ya 3 hawatembei hovyo tena. Wanahama mara moja tu, mita kama 400, kwa sababu walipo hakuna maji. Kabla ya kuhama wanapanga mawe kwa umbo la mshale na kufunga vipande vya mfuko kwenye matawi usawa wa macho ya mtu mzima. Kifundo cha mguu cha Mdogo kinateguka kwenye safari hiyo fupi, na ndicho kinachowakalisha hapo hadi mwisho.

Je, kukaa kunachosha msomaji? Kwenye majaribio ya usomaji, wasomaji wa umri lengwa waliombwa kuweka alama pembeni pale waliporuka mistari. Waliulizwa hilo tu. Hawakuulizwa kama wamependa. Alama hazikurundikana kwenye sura za kukaa. Zilirundikana kwenye maelezo ya mandhari yaliyozidi sentensi nne ambamo hakuna anayefanya kitu. Kila aya ya aina hiyo sasa inapitishwa kwenye mikono ya mhusika: badala ya kueleza kuvu kwenye magome, Dada anazibandua akitafuta gome kavu.

Kuna pia jaribu la kufuata mto. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17 aliyeanguka na ndege nchini Peru tarehe 24 Desemba 1971, alikaa msituni siku 11, akifuata kijito, mpaka akapatikana na watu. Alikuwa kwenye msitu wa nyanda za chini, na wazazi wake wanasayansi walikuwa wamemfundisha. Mlimani kijito hicho hicho humpeleka mtu kwenye genge na maporomoko. Dada anakifuata kwa muda mfupi akiwa peke yake, anafika ukingoni, anasikia maji yakianguka asiyoyaona kwa ukungu, anarudi. Kurasa tatu, hazirefushwi.

Sura ya 4: kitanda kabla ya paa

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini. Kwanza anatetemeka sana, anajikwaa, maneno yanakuwa mazito. Kutetemeka kukikoma huku bado ana baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Dada anaona dalili ya mwanzo kwa Mdogo: anashindwa kufunga zipu, vidole vinaipita tu.

Kosa la kawaida kwenye vitabu ni mhusika kujenga paa zuri na kulala chini. Ardhi yenye unyevu hunyonya joto la mwili usiku kucha. Kwa hiyo mpangilio wetu ni kitanda kwanza: matawi membamba chini, juu yake majani makavu kadiri yanavyopatikana, unene wa sentimita 15 baada ya kulaliwa. Hiyo ni rundo la kufika magotini kabla ya kulalia, na msomaji anapaswa kuona mshangao wa watoto pale rundo linapobonyea na kuwa bapa. Kisha gogo la mgongo, fito za pembeni, na majani juu kwa unene wa karibu urefu wa mkono. Nafasi ya ndani iwatoshe wawili kwa kubanana. Kibanda kikubwa hakishiki joto lao. Kazi hiyo tumeipa saa tatu, na wanaimaliza gizani kwa kupapasa. Upande mmoja unavuja. Unavuja mpaka mwisho wa kitabu.

Sura ya 6 hadi ya 10: maji yanadai moto

Mlolongo huu ndio uti wa mgongo, na kila kiungo kimekaguliwa.

Siku ya pili wanapata kidimbwi. Wanakunywa bila kuchemsha, kwa sababu Mdogo amekauka, na kiu humuwahi mtu kabla ya maradhi ya tumbo. Siku ya nne Mdogo anaanza kuharisha, na daftari linaanza kuvuja upande wa pili: kila lita anayokunywa, sehemu yake inatoka. Sasa maji safi ni lazima.

Njia ya jua wanaijua: chupa angavu, maji yasiyo na tope, juani saa 6, au siku 2 mawingu yakitanda. Lakini wako ndani ya ukungu na miti, na Mdogo hana siku 2. Kuchuja kwa kitambaa huondoa takataka, hakuui vijidudu. Hakuna njia nyingine iliyobaki isipokuwa kuchemsha, na kiberiti kimeshalowa. Moto hapa una sababu. Kwenye hadithi nyingi unawashwa kwa kuwa hadithi za porini huwa na moto.

Kupekecha kunafundishwa kwa kushindwa. Dada amewahi kuona mtu mzima akipekecha moto. Hilo limepandwa sura ya 1, ndani ya mazungumzo mengine, na amebaki na kumbukumbu ya kutazama tu. Mikono yake haijui. Hatutaki ile kumbukumbu ya somo inayoibuka sekunde ileile inapohitajika.

Anatumia upinde, kwa kuwa mikono mitupu huchosha haraka zaidi. Sehemu ni nne: ulimbombo wa mti laini mkavu, unene wa sentimita 1.5 hadi 2. Ulindi, yaani kijiti kinachozungushwa, wa urefu wa sentimita 20 hadi 25, unene kama kidole gumba. Jiwe lenye kishimo la kukandamizia juu. Na upinde wenye kamba ya kiatu kama upote. Kwenye ulimbombo, shimo likishaungua kidogo, anachonga pengo la umbo la kipande cha keki, la moja ya nane ya duara, linaloelekea katikati ya shimo bila kulifika kabisa. Unga wa moto huanguka humo na kurundikana.

Anavyoshindwa, kwa mpangilio wa kitabu. Jaribio la kwanza: mti una unyevu, unatoa mvuke na kunyamaza. La pili: anakandamiza kidogo mno, ncha inang'aa kama iliyopigwa msasa na kuanza kuteleza, dawa yake ni chembe za mchanga na mkandamizo zaidi. La tatu: unga unatoka rangi ya kahawia hafifu, maana joto halitoshi. Kila kushindwa kunaacha alama kwenye safu ya ngozi: lengelenge, lengelenge lililopasuka, kitambaa kilichozungushwa kwenye kiganja. Usiku wanalala na ulindi na ulimbombo ndani ya nguo, vikaushwe na joto la miili yao.

Siku ya tano unga unatoka mweusi, moshi unaendelea hata baada ya upinde kusimama. Hapo watoto wengi huharibu kwa pupa, kwa hiyo Dada anasubiri. Haugusi, anaupepea kwa kiganja mpaka chembe zishikane na kuwa kaa dogo, ndipo analihamishia kwenye fundo la nyasi na nyuzi za gome zilizofikichwa. Gome lililokuwa chini ya ulimbombo ndilo linalobeba. Bila hilo kaa lingegusa ardhi yenye unyevu na kufa.

Kuchemsha kwenyewe ni aya mbili. Mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 91, na juu ya mita 2,000 mwongozo ni dakika 3 za kuchemka kwa nguvu, badala ya dakika 1. Hawana saa, kwa hiyo Mdogo anahesabu kwa sauti hadi 180, na anasinzia kwenye 140. Dada anaendeleza hesabu. Kopo linabeba mililita 400. Kwa mtoto anayeharisha hiyo ni kazi ya siku nzima ya kuchota, kuchemsha, kupoza, kurudia, na ndiyo maana sura ya 10 ni ndefu kuliko zote.

Vilivyokatwa

Nyoka. Aliyeumwa na nyoka mwenye sumu anapaswa kutulia, kiungo kisichezeshwe, na afikishwe hospitali penye dawa ya kuzuia sumu. Kuchanja, kunyonya na kukaza kamba ni hatari. Watoto wawili mlimani hawana hospitali, kwa hiyo tukio la uaminifu lingeishia kwenye kifo, na tukio la kufaulu lingefundisha uongo.

Ndoto za mama jikoni nazo zimeondolewa zote isipokuwa moja.

Sura ya 12 hadi ya 18: kazi iliyobaki

Hesabu ya maji ya siku ya tano na ya sita haijafunga. Kwa sasa Mdogo anakunywa zaidi ya yale ambayo kopo linaweza kutoa. Ama kuchemsha kuanze alfajiri, ama aharishe kidogo zaidi. La kwanza linaonekana bora, kwa kuwa linamnyima Dada usingizi na hilo linaonekana kwenye maamuzi yake.

Sura ya 17, baada ya kuokolewa: mtu aliyekaa zaidi ya siku 5 karibu bila chakula hapewi sahani iliyojaa. Chumvi za damu zinaweza kushuka ghafla na moyo kupata hitilafu, kwa hiyo daktari huanza kidogo kidogo. Mdogo ana njaa na anapewa vijiko vichache. Hasira yake hapo inafaa kurudisha maneno aliyoyatumia sura ya 5.

Swali lililo wazi ni namna wanavyopatikana. Kwenye uwazi mdogo wanapanga matawi kwa herufi V, ishara ya kimataifa ya kuomba msaada kwa wanaotazama kutoka angani. Kanuni inataka iwe na urefu wa angalau mita 2.5 na itofautiane sana na rangi ya ardhi. Ukungu hata hivyo unaificha kwa siku zote isipokuwa saa chache za asubuhi ya sita, na ndege haiwezi kupita saa hizo kwa bahati tu. Njia tunayoipendelea ni harufu: watafutaji wa miguu wanapita upande wa chini, hawaoni moshi, ila wanaunusa, kwa kuwa Dada ameweka majani mabichi juu ya moto uliokolea. Kinachohitaji kuhakikiwa ni mwelekeo wa hewa. Mlimani, kukiwa shwari, hewa hushuka mabondeni usiku na alfajiri, kisha hupanda jua likishapasha miteremko. Watafutaji wakiwa chini, lazima wapite mapema. Sura ya 15 sasa inawapitisha saa 5 asubuhi; inasogezwa hadi saa 12 na nusu, na kuni za usiku wa tano zihesabiwe upya ili moto uwe bado hai saa hiyo.